Kompyuta Ishirini na Swichi Moja

Kwenye sekondari moja ya kata niliyoitwa mwaka juzi kuangalia mtandao, chumba cha kompyuta kilikuwa safi kuliko madarasa yote. Sakafu imesuguliwa, mapazia yameshonwa, na kompyuta ishirini zimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa pembeni, kama makochi ya sebuleni. Mwalimu wa TEHAMA alifunua moja, akaiwasha, ikawaka. Akafunua ya pili, nayo ikawaka. Zote zilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa swichi, lile sanduku dogo la bati linalopokea waya za kompyuta zote na kuziwezesha kuzungumza. Radi ya masika ilipiga nguzo ya umeme nje ya uzio, swichi ikazima na haikuamka tena. Bei yake dukani haikuzidi bei ya mbuzi wawili, lakini chumba kile kilikuwa kimekaa miezi kumi na minne bila mtandao kwa sababu hakuna kifungu cha bajeti kilichoandikwa "swichi".

"Fundi, nilimwambia mkuu wa shule, mkuu akaandika barua halmashauri," mwalimu aliniambia. "Wakajibu tusubiri mradi." Huku akisubiri, kila Ijumaa mchana aliketi chini ya mwembe akiwasha hotspoti ya simu yake, kwa bando alilonunua kwa mshahara wake, ili mahudhurio ya wanafunzi yaingie kwenye mfumo wa serikali kabla ya jua kuzama.

Ndani ya chumba kile mna swali lote ninalotaka kulipitia hapa: halmashauri yenye fedha kidogo iboreshe vipi mtandao wa shule zake? Vikao vingi nilivyohudhuria huanza na idadi. Shule ngapi zitafikiwa, kompyuta ngapi zitagawiwa, mgeni rasmi atakata utepe wapi. Mimi naamini hesabu ianze na miezi. Mtandao utakaofungwa leo, mwezi wa thelathini na saba ankara yake atalipa nani, na kifaa kikiungua atakuja nani, na atatoka na kipuri kwenye stoo ipi? Fedha ndogo ikigawanywa kwa shule nyingi siku moja huisha siku hiyohiyo. Ikigawanywa kwa miezi, shule chache za mwanzo hubaki hai, na kutoka kwao unaweza kuhesabu gharama ya kweli ya shule inayofuata.

Kwanza tujue mwenye mali. Tanzania Bara, shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri, ambazo ni 184, nazo ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa hiyo anayepaswa kupanga mtandao wa shule si mkuu wa shule mmoja mmoja. Ni ofisi ile ya halmashauri ambayo afisa TEHAMA wake ndiye pia anayeitwa mfumo wa mapato ukikwama, kituo cha afya kikipoteza mtandao, au printa ya mkurugenzi ikigoma dakika kumi kabla ya kikao. Mtu huyo mara nyingi ni mmoja, au wawili, na shule ni makumi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila hesabu nitakayofanya inaishia kwenye miguu yake na pikipiki yake.

Sasa fedha. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji imepangwa kwa kichwa cha mwanafunzi: shilingi 10,000 kwa mwaka shule ya msingi, na shilingi 25,000 kwa sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Sekondari ya wanafunzi 600 inahesabiwa shilingi milioni 15 kwa mwaka, na sehemu ya hizo huelekezwa kwenye vitabu kabla hazijafika shuleni. Zinazobaki ndizo chaki, karatasi za mitihani, bawaba za mlango, umeme, maji na dawa ya vyoo. Tuseme laini ya intaneti inagharimu shilingi 100,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 1.2 kwa mwaka, asilimia 8 ya ruzuku nzima ya shule hiyo kwa hesabu ya karatasi, na zaidi ya hapo kwa hesabu ya fedha inayofika mkononi. Mkuu wa shule anayeacha laini ikatwe si mzembe. Amepiga hesabu, na karatasi za mitihani zimeshinda.

Nchi iliyolikabili swali hili mapema, na kwa fedha nyingi, ni Marekani. Kule wilaya ya shule mara nyingi ni mamlaka kamili yenye bodi yake, na nyingi zinakusanya kodi zake zenyewe, lakini wilaya maskini zilibaki nyuma vilevile. Sheria ya mawasiliano ya Februari 1996 ikazaa mpango unaojulikana kama E-Rate. Makampuni ya simu yanachangia mfuko wa mawasiliano kwa wote, na mfuko unazilipia shule na maktaba sehemu ya gharama za mtandao, kati ya asilimia 20 na 90, kulingana na wingi wa watoto wa familia maskini na kama shule iko mjini au shamba. Mambo matatu ya mpango huo ningetamani yasomwe kwenye kila ofisi ya elimu huku kwetu.

La kwanza ni kwamba E-Rate hainunui kompyuta. Kompyuta wilaya itafute yenyewe. Mfuko unalipia njia: laini inayofika shuleni, na waya, swichi na waifai za ndani. Waliotunga mpango huu walielewa kwamba kompyuta ni rahisi kuombewa, kwa wazazi, kwa kampuni, kwa mbunge. Anayejitolea kulipia waya uliofichwa ndani ya dari, au ankara ya mwezi wa Juni, ni nadra. Fedha ya umma ikaenda mahali ambapo hisani haifiki.

La pili ni kosa walilolifanya na muda waliouchukua kulirekebisha. Miaka mingi malipo yalipangwa kwa ngazi mbili, laini ya nje kwanza, vya ndani baadaye, na fedha ilikuwa ikiisha kabla ngazi ya pili haijazifikia shule nyingi. Shule zikawa na bomba kubwa langoni na kompyuta zinazogombania waya mmoja uliochoka. Mwaka 2014 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaugeuza mpango na kutenga fedha kwa ajili ya mtandao wa ndani, na baadaye ikaweka bajeti ya miaka mitano mitano inayohesabiwa kwa idadi ya wanafunzi. Miaka mitano! Mpangaji anajua leo atakachokuwa nacho mwaka wa nne, na anaweza kuacha swichi ya zamani ifanye kazi mpaka ichoke badala ya kuibadilisha kwa hofu kwamba fedha haitarudi.

La tatu: wilaya inayopewa punguzo la asilimia 90 bado inalipa kumi. Hiyo kumi inauma kiasi cha kutosha kumfanya mtu aulize bei. Na kabla ya kusaini, ombi lake hukaa hadharani siku zisizopungua 28 ili wazabuni waje, na katika kupima zabuni, bei ya huduma ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko kigezo kingine chochote. Mfuko wenyewe ulishtakiwa mpaka Mahakama ya Juu ya nchi kwamba namna unavyokusanya fedha haina msingi wa kikatiba, na Juni 2025 mahakama ikauacha usimame. Hata kule, basi, fedha ya mtandao wa shule haina usalama wa milele.

Sisi mfuko tunao. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, na kazi yake imeonekana: minara vijijini ambako kampuni zisingeenda zenyewe, na kompyuta kwa shule za umma. Ninachopendekeza ni sehemu ya fedha hiyo iliyozoea kununua kompyuta ihamie kwenye waya wa ndani na ankara ya mwezi, kwa punguzo, halmashauri nayo ikichangia chake kidogo. Najua ankara haipigwi picha ikikabidhiwa. Lakini kompyuta iliyofunikwa kitambaa ilipigwa picha siku moja tu.

Kenya ilipita njia ya vifaa, na ni haki kuisoma kwa heshima kwa sababu ilithubutu. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, utekelezaji ukaanza 2016 kwa jina la mpango wa ujuzi wa kidijitali, na vifaa zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa vishikwambi, vikafika kwenye shule za msingi za umma zaidi ya elfu ishirini. Faida moja kubwa haikuwa kwenye vifaa vyenyewe. Ili vishikwambi viwake, serikali ililazimika kufikisha umeme shuleni, wa nguzo au wa jua, na umeme huo umebaki. Vishikwambi navyo vilizeeka kama kila kitu chenye betri, na taarifa za miaka iliyofuata ziliendelea kutaja vilivyofungiwa kabatini kwa hofu ya wezi na vilivyoibwa kweli. Nchi hiyohiyo ilikuwa na mradi mwingine mdogo usiotajwa sana, ambapo mfuko wa huduma kwa wote ulizipelekea sekondari 884 za umma laini ya intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde. Megabiti 5 kwa darasa la wanafunzi 40 ni kilobiti 125 kwa kila mmoja. Barua pepe inapita, ukurasa wa maandishi unapita, video haipiti. Hata hivyo laini ile, ikiwa hai, inamfaa mwalimu kila siku ya juma, na mimi nikiambiwa nichague kati ya vishikwambi na laini, nachagua laini.

Nirudi kwenye ardhi, na nasema ardhi kwa maana yake halisi. Kitu cha kwanza ninachokitazama shuleni siku hizi ni waya wa ethi. Shule nyingi za vijijini zilipata umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, mita ya LUKU ya kulipia kabla ikafungwa, taa zikawaka, na hakuna aliyerudi kuuliza kama fimbo ya shaba iliyozikwa nyuma ya ukuta bado ipo. Nimekuta fimbo iliyong'olewa na watu wa vyuma chakavu, nimekuta nyingine imezikwa kwenye changarawe kavu isiyopitisha kitu. Kinga ya radi, stabilaiza na betri ya dharura vyote hutegemea ethi hiyo kuizuia radi. Bila ethi, ulichonunua ni mapambo yenye taa ya kijani. Kuchimba shimo, kuzika fimbo mpya mahali penye unyevu na kuunganisha upya ni kazi ya siku moja. Ndiyo shilingi yenye faida kuliko zote katika bajeti nzima, na sijawahi kuiona imeandikwa kwenye andiko la mradi.

Radi ina njia nyingine ya kuingia ambayo mafundi wengi, na mimi nikiwa kijana nilikuwa mmoja wao, tunaifungulia kwa mikono yetu. Tunavuta waya wa shaba kutoka jengo la ofisi hadi chumba cha kompyuta, juu ya paa au chini ya udongo, na waya huo unageuka daraja la umeme wa radi kati ya majengo mawili. Kati ya jengo na jengo pita kwa faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, au kwa redio mbili ndogo zinazotazamana. Waya wa shaba ubaki ndani ya jengo moja. Na hata ndani ya jengo, waya huo una kikomo cha mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukizidisha, kompyuta itaunganika leo na kukatika kesho, na utamlaumu mtoa intaneti asiyehusika.

Waya wenyewe unahitaji macho. Madukani kuna maboksi ya mita 305 yaliyoandikwa daraja lilelile, moja likiwa na bei karibu nusu ya jingine. Chukua kipande, uchune ganda, utoe uzi mmoja kati ya ile minane, kisha uukwangue kwa wembe taratibu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Uzi wa bei nusu utaona wekundu unatoka kama rangi ya kucha na chini yake panatokea weupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Uinamishe mara chache utakatika, shaba itavumilia. Aluminiamu ina ukinzani mkubwa zaidi, mawimbi yanachoka njiani, na ukiutumia kupeleka umeme kwenye kamera au kituo cha waifai unapata moto kwenye kiungo. Nimefungua dari za shule ambazo waya wake ulikuwa na miaka mitatu tu na vichwa vyake vinamomonyoka vidoleni. Waya mzuri uliofungwa vizuri utakaa miaka kumi na tano na zaidi, utazika swichi tatu na ruta nne. Hapa usibane matumizi. Beba wembe.

Kuhusu waifai nitakuwa mfupi. Kompyuta isiyohama haihitaji waifai, inahitaji waya. Waifai ni ya ofisi ya walimu, ambako kila mtu ana simu au laptopu yake, na kifaa kimoja kilichowekwa juu ukutani katikati ya chumba kinafanya kazi kuliko vitatu vilivyorundikwa kwenye chaneli moja. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Laini ya intaneti ndiyo inayotisha wakurugenzi, na ndipo umoja wa halmashauri unapolipa. SEACOM ilitua Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, na Mkongo wa Taifa ukaanza kujengwa kuelekea mikoani kipindi hichohicho. Leo faiba inapita kwenye barabara kuu nyingi, wakati mwingine mbele ya lango la shule isiyo na intaneti. Shule moja ikienda peke yake kuomba kuunganishwa inapewa bei ya mteja mdogo. Halmashauri ikienda na sekondari ishirini na tano na zahanati zake kwenye meza moja, inazungumza kama mteja mkubwa, na inaweza kuomba laini moja nene makao makuu, kisha kuigawa yenyewe. Kugawa huko kunategemea sura ya nchi. Shinyanga, kwenye tambarare, redio ya gigahezi 5 juu ya mnara mfupi inaweza kuiona shule iliyo kilomita kumi na tano. Lushoto shule iliyo kilomita mbili imejificha nyuma ya mlima, na unahitaji shule ya tatu juu ya kilele iwe daraja. Kabla ya kununua chochote, fundi apande juu ya paa la kila shule na simu yake, apige picha upande wa kila jirani, na azungumze na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema kuhusu masafa na vibali. Siku mbili za kupanda mapaa zimeniokolea mamilioni.

Laini ikishafika, adui yuko ndani. Chukua kompyuta ishirini zinazojisasisha zenyewe, kila moja ikipakua megabaiti 500. Jumla ni gigabaiti 10, na kwa laini ya megabiti 5 hiyo ni kazi ya takribani saa nne na nusu, kipindi chote cha asubuhi, huku mwalimu akidhani intaneti imekufa. Ruta ya bei ya kawaida inaweza kuamrishwa: masasisho yapite usiku, ofisi ya walimu ipate fungu lake, video za muziki zisubiri. Kazi hiyo inahitaji saa moja ya fundi anayejua na haihitaji kununua kitu.

Lakini uboreshaji ninaoupenda kuliko wote ni ule unaopunguza haja ya intaneti. Chukua kompyuta moja iliyostaafu ofisini, iongezee diski, iwe seva ya shule. Ndani yake weka Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti na ambayo ina sura ya Kiswahili, kisha Kiwix, inayoifungua Wikipedia bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ndogo, na ya Kiingereza yote pamoja na picha ni kama gigabaiti mia moja. Ongeza mitihani iliyopita, maandalio ya masomo, sauti na video ambazo walimu wamerekodi wenyewe. Kuanzia hapo mwanafunzi anayetafuta mchoro wa figo anaupata kwa kasi ya waya wa ndani, mvua inyeshe au bando liishe. Intaneti inabaki na kazi yake ndogo ya kweli: taarifa za wanafunzi, usajili wa mitihani, barua za ofisi. Shule yenye seva ya namna hii inaweza kuishi na laini nyembamba bila watoto kugundua, na ndiyo sababu naiweka mbele ya kuongeza kasi ya laini.

Kompyuta nazo zinaleta swali ambalo limetua mezani hivi karibuni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi za shule ni za zamani mno kupokea Windows 11. Kuzitupa ni dhambi. Zikiwekewa Linux nyepesi zitafanya kazi miaka mingine mitano, na LibreOffice itafundisha kuandika barua, jedwali na mchanganuo wa hesabu. Mwalimu atasema mtaala na vitabu vinaonyesha picha za Word, na ana hoja. Basi mashine nne au tano zilizo mpya zaidi zibaki na Windows kwa somo hilo, zilizobaki ziwe Linux. Mtoto aliyejifunza kwenye mbili hapotei kwenye ya tatu.

Na umeme wenyewe ni ankara ya mwezi pia. Kompyuta ya mezani ya kizamani na kioo chake hula kama wati 120. Ishirini zikiwaka saa sita kwa siku, siku ishirini, ni uniti 288 kwa mwezi. Laptopu zilizotumika, za wati 30, kwa saa zilezile ni uniti 72, tena zina betri inayomaliza kipindi umeme ukikatika. Anayegawa kompyuta za mezani bure amempa mkuu wa shule deni la LUKU.

Usalama nausema kwa kuogopa kidogo, kwa sababu huwa unaachwa mpaka siku ya msiba. Septemba 2022 wilaya ya shule za Los Angeles, ya pili kwa ukubwa Marekani, ilivamiwa na wezi wa mtandao, na taarifa zilizoibwa zikamwagwa hadharani. Shule zetu nazo zinahifadhi majina, namba, matokeo na hali za familia za watoto, na tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika juu yao. Ulinzi wa kwanza hauna gharama. Nywila ya ruta isiwe ile ya kiwandani. Njia ya wanafunzi itenganishwe na njia ya ofisi kwenye swichi, jambo linaloweza kufanywa kwa swichi za bei ya kati. Na nakala ya taarifa ikae kwenye diski isiyochomekwa popote, ndani ya kabati la chuma la mhasibu.

Yote haya yanarudi kwa mtu. Kawaida mradi huleta semina ya siku tatu kwa mwalimu mmoja wa kila shule, na baada ya mwaka uhamisho unampeleka wilaya nyingine pamoja na vyote alivyojifunza. Ningependelea fundi mmoja wa kudumu kwa kila shule kumi, mwenye pikipiki, kifaa cha kubania vichwa vya waya, kipimio na flashi yenye programu zote, anayezunguka kila shule mara moja kwa mwezi hata pasipo tatizo. Mshahara wake wa mwaka ni sawa na bei ya kompyuta kadhaa, na yeye ndiye tofauti kati ya swichi kufa siku moja na swichi kufa miezi kumi na minne. Nyuma yake iwepo stoo: kwa kila swichi kumi zilizofungwa, moja ya akiba, ya aina ileile. Aina ileile ni muhimu. Manunuzi yakipita NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, mara moja kwa halmashauri nzima, fundi anajifunza kifaa kimoja na ruta ya shule A inaweza kuokoa shule B. Kila shule ikinunua chake kwa nyakati zake, kila kifaa kinakuwa mgeni, na fundi anakuwa mwanafunzi wa daima.

Kwa halmashauri inayoniuliza ianzie wapi, naiambia ichague shule nne zilizo karibu, zenye wakuu wanaotaka. Mwaka wa kwanza iishie kwenye ethi, waya, swichi, seva na fundi, hata kama hakuna kompyuta mpya itakayonunuliwa. Iandike kila shilingi ya kila mwezi. Mwaka wa pili itaomba fedha ikiwa na daftari mkononi, na madiwani wanaoelewa ng'ombe na barabara wataelewa daftari hilo pia. Mwanasiasa atalalamika kwamba kata yake imeachwa, na lalamiko hilo ni la kweli na linastahili jibu la kweli: kata yake iko kwenye orodha, na hii hapa bei ya kuifikia, pamoja na bei ya kuiweka hai miaka mitano.

Siku ile kwenye chumba cha vitambaa vyeupe nilikuwa na swichi moja ya zamani kwenye begi, iliyostaafishwa na ofisi iliyonunua mpya. Ilikuwa na milango ishirini na minne na feni yenye kelele. Nilimwonyesha mwalimu, akaenda kuichomeka mara moja, nikamshika mkono. Tulitoka nje kwanza kutafuta ethi. Waya ulikuwa umekatwa sentimita kumi juu ya ardhi, na fimbo haikuwepo. Mkuu wa shule akatuma mtu na baiskeli kwenda senta kununua nyingine, wavulana wawili wa kidato cha tatu wakaleta jembe na sururu, wakachimba karibu na bomba la maji ambako udongo haukauki. Mwalimu alikaa kwenye ngazi na daftari la kaunta, akachora mistari ishirini na minne kwa rula, na kwenye wa kwanza akaandika: mlango wa 1, kompyuta ya mwalimu, waya wa bluu, umepita juu ya ubao. Kisha akaniuliza kama ya pili aandike kutoka kushoto au kutoka dirishani.